Sindano ya Akili ya Prof Etabo

Enzi zetu pale Baraka, kando ya ziwa, kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtoto aliyelibishia: mwalimu akiitwa mjini Uvira kwa mafunzo, ile tuliyoita formation, huko anachomwa sindano ya akili. Anachomwa shingoni, kwa nyuma, na sindano yenyewe ina urefu wa kasia. Dawa ya fizikia ni ya bluu, ya kemia ni ya kijani, na ya hesabu haina rangi ila inauma kuliko zote. Walimu wanene wanachomwa mara mbili. Haya alitueleza Alimasi, rafiki yangu wa dawati moja, ambaye mjomba wake aliendesha lori la Uvira. Na mtu mwenye mjomba dereva tulimwamini kuliko redio.

Mimi niliamini kuliko wote, maana nilikuwa na shida. Fizikia ilikuwa imeniangusha mwaka uliotangulia, nikarudia darasa, na mama yangu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, alikuwa ametoa hukumu mbele ya majirani: "Ukianguka tena, mi nakutuma Kilembwe kwa baba yako mudogo, ukalime mihogo. Jembe haliulizi muntu fizikia." Baba mdogo huyo alikuwa na mashamba yasiyo na mwisho. Watu walisema ukianza kupalilia upande mmoja ukiwa kijana, unamaliza ukiwa na wajukuu.

Prof Etabo, maana kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Prof, alitufundisha fizikia kwa daftari. Lilikuwa la zamani kuliko mimi, kurasa zake zimegeuka rangi ya mawese, na kwenye jalada kulikuwa na jina la mwalimu wake mwenyewe. Aliingia, akalifungua, akasoma Kifaransa chake polepole, nasi tukaandika. "Virgule," anasema, tunaweka mkato. "Point, à la ligne," tunashuka mstari. Siku moja alikohoa, na naapa nusu ya darasa iliandika kikohozi. Kanuni ya kitu kilichozama majini niliijua kwa moyo kama Baba Yetu, na sikuielewa hata chembe, mimi mtoto wa ziwani niliyeogelea kabla ya kutembea! Ukithubutu kuuliza, alikukazia macho: "We kijana, unataka kunijaribu?" Unakaa mwenyewe.

Basi likizo moja ya Pasaka akaitwa Uvira. Alirudi na plasta shingoni. Kwa nyuma.

Alimasi alinipiga kiwiko mbavu zikalia. "Si nilikuambia?"

"Ni ile ya bluu," nikanong'ona.

Na kweli mtu alikuwa amegeuka. Daftari halikuonekana tena. Alituuliza swali, kisha akangoja. Tukaogopa. Tangu lini mwalimu anangoja jibu? Mmoja akajibu ovyo, nasi tukainama tukingoja radi, lakini Prof akasema tu, "Umepita wapi mpaka ukapata hilo? Nieleze." Alimasi akaniambia dawa bado haijashuka vizuri, imekwama kooni.

Mimi sikuweza kungoja ishuke. Mtihani ulikuwa mlangoni na mihogo ya Kilembwe ilikuwa inaniita kwa jina. Nikaenda kituo cha afya, nikapanga mstari kati ya bamama wenye watoto wachanga, na zamu yangu ilipofika nikamwambia muuguzi, "Naomba sindano ya fizikia. Ndogo tu, ya mwaka wa tatu." Mzee yule akaniuliza kama tumbo linaniuma, kisha akanipa dawa ya minyoo. Nilimeza yote. Nilidhani matibabu yanaanza hivyo.

Wiki ile ile Prof akauliza nani ana mama mwenye mizani ya kuning'iniza. Mkono wangu ukaruka wenyewe. Mama alinipa mizani ile kama anayetoa figo. "Ikirudi na kutu, na we usirudi."

Prof akatuongoza wote kwenda ziwani, mashati meupe kama kundi la yangeyange, ndoo na sufuria vichwani. Mama mmoja aliyekuwa anafua akasimama na povu mikononi: "Hawa batoto bamefukuzwa masomo?" Prof akafunga jiwe kwa kamba, akalining'iniza kwenye mizani, akatuonyesha mshale. Akalishusha majini. Mshale ukarudi nyuma, mbele ya macho yetu sote.

"Jiwe ni lile lile," akasema. "Nani ananiambia kwa nini?"

Nami, sijui nilitoa wapi ujasiri, labda kwenye dawa ya minyoo, nikasema: "Prof, hiyo iko kama jiwe la nanga. Ndani ya maji unalivuta linakuja pole kama mutoto. Likitoka tu, linakuwa muzee mwenye hasira."

Darasa likacheka mpaka kijiji cha mbali cha Kazimia wakasikia.

"Musicheke," akasema Prof. "Endelea. Likiwa ndani, nani analibeba?"

"Maji, Prof. Yanalisukuma juu."

Tukajaza ndoo pomoni, tukazamisha jiwe, tukakinga maji yaliyomwagika kwa sufuria, tukayapima, tukatoa uzito wa sufuria. Uzito wa maji yale ulikuwa sawasawa na uzito uliokuwa umepotea kwenye jiwe! Pale pale ile sala ya Kifaransa ikafunguka kichwani mwangu neno kwa neno, na mikato yake yote.

Mtihani niliupita. Wengine husema kwa shida, mimi nasema kwa kishindo. Mizani ilirudi bila kutu, na Kilembwe sijaenda kulima mpaka leo.

Vijana wa sasa, jamani! Wananiuliza kwa nini tulijisumbua kubeba ndoo. Wao wanapiga picha ubao kwa simu, wanaondoka. Simu ndiyo inayosoma, wao kazi yao kuichaji. Lakini watu wa rika langu wanajua. Ukinusa maji ya ziwa asubuhi, bado unasikia sauti ya Prof ikiuliza na kungoja. Ule ungojaji wake ndio ninaoukosa. Siku hizi nani ana muda wa kumngoja mtoto afikiri?

Maisha yalinitoa shuleni kabla ya diploma, kile cheti cha kumaliza sekondari, nikatengeneza mashine za mitumbwi miaka mingi, nikarudi kwenye masomo ya jioni nikiwa na ndevu. Nikamkuta Prof Etabo pale pale ubaoni, kichwa cheupe kama unga. Siku tuliyopokea matokeo yetu nilimfuata, nikamwomba, mtu mzima mimi, anieleze ile sindano ya Uvira ilikuwa ya bluu kweli au watu walizidisha.

"Sindano gani?" Akashika shingo. "Hii? Ilikuwa jipu."

"Basi Uvira walikufanya nini, Prof?" nikauliza.

"Uvira balituweka kwenye madawati kama banafunzi," akasema. "Kila mumoja afundishe wenzake. Mi nikafungua daftari langu, nikaanza kusoma. Mwalimu mumoja wa Kazimia, kijana tu, akainua mukono: 'Prof, hiyo nguvu ya maji inatoka wapi?' Nikamwambia ananijaribu. Akasema hapana, yeye pia hajui, anataka kujua. Na mi sikujua. Tukakaa na ndoo siku tatu mpaka tukajua. Ni hiyo tu."