Suti ya Kwenda Kupimwa Akili

Kaka yangu alipoacha kunywa maji ya bomba, akidai yametiwa sumu, alihamia soda za kopo. Alipoanza kuzishuku na soda, mama akasema twende hospitali. Kwanza tukampigia suti pasi.

Sitanii. Kwetu mtu haendi kwa daktari kama katoka kulima. Mama alimnyoa, akampaka mafuta mpaka akang'aa, mimi nikamfunga tai. Enzi hizo nilikuwa napakia biskuti kiwandani na kuota urubani, maana ghorofani kwetu mtaa wa Dixon, huku ughaibuni, jirani na uwanja wa ndege, ndege zilipita karibu tuzipungie mkono. Hata safari hiyo niliiona ya heri.

Daktari akauliza: anatishia watu? Amejidhuru? Anajimudu? Mimi ndiye mkalimani.

"Mwambie hajambo, tunamshukuru Mungu," mama akanena. "Mwanangu mpole."

Nikatafsiri yote, fundi mimi. Kaka naye akamuuliza daktari habari za watoto wake.

Daktari akatufafanulia kwa upole kwamba sheria haimruhusu kumzuia mtu asiyetaka, hata kwa siku tatu za uchunguzi, eti kwa sababu tu ndugu wana wasiwasi. Lazima awe hatari kwa wenzake au kwake mwenyewe, au ashindwe kujitunza kiasi cha kudhurika vibaya. Na mbele yake ameketi bwana harusi. Sheria nzuri mno: ilimlinda kaka yangu barabara, tukarudi naye nyumbani na kiu yake.

Kwenye basi nikanong'ona, "Mama, mbona hukusema hanywi?"

"Nimwaibishe mwanangu mbele ya mgeni?"

"Basi atakufa amependeza."

Akageuka, akamnyoosha kaka tai.

Kesho yake midomo ya kaka ilikuwa imepasuka. Tulikuwa tumeambiwa yupo ofisa wa mahakama anayeweza kuamuru mtu apelekwe kwa daktari, ila ndugu aape kwanza. Tukaenda kwake, mama akapewa Biblia. Hapo adabu zote zikamwishia. Akaeleza soda, bomba, siku zisizo na tone, mkojo wa rangi ya chai. Nilitafsiri huku nafuta kamasi, rubani mtarajiwa.

Polisi walifika mchana na amri ya yule ofisa. Kaka alikuwa na fulana iliyotoboka, nywele timtim. Mama akainuka kufuata kitana.

"Mwache hivyo hivyo, mama," nikasema.

Akaketi, kitana mapajani, akamtazama mwanawe akitolewa mlangoni bila kuchanwa. Safari hii hospitali haikumrudisha jioni.