Bakiza ya Kesho

Chumba cha yoga cha shangazi yangu kiko juu ya duka la dobi, na Jumamosi mchana mvuke wa pasi hupenya katikati ya mbao za sakafu ukapanda taratibu mpaka kwenye pazia. Ukiingia umetoka kwenye jua la barabarani, kwa muda huoni kitu. Kisha watoto wanaanza kujitokeza mmojammoja, peku, wamelala chali kwenye mikeka yao kama nguo zilizodondoka kutoka kwenye kamba.

"Sikilizeni pasi," shangazi husema.

Huko chini pasi kubwa ya dobi inashusha pumzi, shhhh, na watoto nao wanashusha pumzi. Hawaambiwi wahesabu wala waibane. Pasi ikinyamaza kwa sababu dobi anapokea mteja, kila mtoto anapumua anavyojua.

Alipoanza kufundisha yoga alikuwa akiwaambia walale kama mawe. Siku moja akamkuta mvulana wanayemwita Profesa amevimba mashavu na macho yamemtoka.

"Wewe, pumua!"

"Mawe hayapumui, Mwalimu," alisema Profesa alipopata hewa. Tangu hapo wanalala kama paka walioshiba, na anayetaka kubaki macho wazi anaruhusiwa. Paka wengine wanapenda kuchungulia.

Shangazi ni mwoga kuliko walimu wote ninaowajua. Kwake hakuna mtoto anayesimama kwa kichwa. Anayekuwa mti anakuwa mti karibu na ukuta, ili akiyumba apate pa kushika. Hamsukumi mtoto mgongo ili afike chini zaidi, na kabla ya kumgusa yeyote huuliza, "Nikushike bega?" Kisha anasubiri jibu, hata likiwa, "Hapana, nina jasho."

Utepe aliletwa na mama yake, msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara, mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono yenye nguvu. Binti alikuwa na miaka sita. Jina la Utepe alipewa na wateja wa saluni.

"Mwalimu, nimekuletea almasi," alisema Mama Utepe. "Hebu muonyeshe mwalimu, mama."

Utepe akajilaza kifudifudi, akainua miguu, ikamvuka kichwa, nyayo zikatua mbele ya uso wake kama mali ya mtu mwingine. Watoto wakapiga kelele za mshangao. Kisha akajinyanyua kwa mikono, na viwiko vyake vikabonyea upande usio wake, kwa ndani, kama kishikio cha kikombe.

Shangazi hakupiga makofi. Alikaa sakafuni karibu naye.

"Inauma?"

"Hapana."

"Na usiku?"

Utepe alimtazama mama yake kwanza. "Usiku magoti yanalia."

"Anakua huyo," mama akasema.

Shangazi akamwambia Utepe kwa sauti ya mtu anayegawa siri, "Wewe kazi yako ni ngumu kuliko ya wenzako. Wao wanatafuta mwisho uko wapi. Wewe usiufikie. Ukijikunja, bakiza kidogo ya kesho."

Kumbe kubakiza ndiko kulikomshinda. Alipoambiwa asimame kama paka, kwa magoti na viganja, viwiko vilegee kidogo visikakamae, mikono yake ilitetemeka kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Wenzake walishahamia kwenye mkao wa kobe, yeye bado yuko kwenye paka. Machozi yakamtoka bila sauti, yakadondoka kwenye mkeka. Lakini viwiko havikubonyea.

Wiki zikapita hivyo, zikiwa na mvuke na mwanga wa rangi ya chai kwenye pazia. Siku nyingine nilisahau kama nimeamka au bado nimelala na kitabu kifuani kwenye kiti cha dirishani. Hata dobi huko chini alianza kutembea kwa kunyata. "Mwalimu," aliita siku moja kutoka kwenye ngazi, "watu wako wamelala au wamekata roho? Naogopa hata kukohoa!"

Mama Utepe hakuwa kwenye ndoto hiyo. Alipanda ngazi kabla kipindi hakijaisha, vibanio vya nywele bado vimebana kwenye kola yake.

"Mwalimu, tuongee kidogo. Mwanangu alikuja hapa anajikunja kama utepe. Jana wageni wamekuja, nikamwambia waonyeshe, akaniambia anajifunza kusimama. Kusimama! Alijifunza kusimama ana mwaka mmoja, bure, ameshika kochi langu!"

"Viungo vyake vimelegea sana, dada. Akizidisha..."

"Au unamwonea wivu mtoto? Kuna mwalimu mwingine anamtaka. Huko ataonyeshwa jukwaani. Wiki ijayo namhamisha."

Utepe alikuwa kwenye mkeka wake, bado paka, anasikiliza.

Shangazi yangu hajui kubishana. Akigombezwa huwa anatafuta kitu cha kupanga. Aliokota mkeka uliokuwa karibu, akaukunja, akanyoosha mkono kuuweka juu ya rafu. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kilichovunjika ndani ya kitambaa. Mkeka ukaanguka. Akaketi chini polepole, mkono ameukumbatia.

Mama Utepe akawa wa kwanza kumfikia. "Jamani! Leta huo mkono."

"Usiuvute!" Shangazi alikuwa amefumba macho. "Bega limetoka. Huwa linarudi lenyewe."

Nikaleta mto, nikauweka chini ya kiwiko chake kama nilivyozoea. Hatukuwa na la kufanya ila kusubiri. Chini, pasi ikashusha pumzi. Bila kuambiwa na mtu, watoto wakalala chali mmoja baada ya mwingine, wakaanza kushusha pumzi nayo, na shangazi akapumua pamoja nao, mpaka bega likateleza likarudi mahali pake.

Mama Utepe alimfuta jasho kwa taulo la saluni. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Pole, Mwalimu. Ulianguka lini?"

"Sikuanguka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naonyeshwa kwa wageni."

Picha yake ipo nyumbani kwa bibi. Msichana mdogo amepinda kinyumenyume juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai, na watu wazima wamezunguka, midomo wazi kwa furaha. Uso wa mtoto hauonekani, umeangalia chini.

Mama Utepe alilikunja taulo lake. Alikusanya viatu vya mwanawe, wakashuka ngazi bila kuaga, na shangazi akabaki ameutazama mkeka wa Utepe uliokuwa na alama mbili za unyevu wa viganja.

Jumamosi iliyofuata aliutandika mkeka huo mahali pake. Watoto walikuwa wameshalala tulipoanza kusikia hatua kwenye ngazi, nyepesi na nzito. Mama Utepe alikuwa amempeleka mtoto kwa daktari wa viungo, na daktari alisema yaleyale ya shangazi, kwa maneno marefu zaidi.

"Saluni nimemwachia msaidizi," alinong'ona, akivua viatu. "Nataka nione huko kusimama kwenu."

Akaketi nyuma ya Utepe, akanyoosha miguu, akainama kuvifuata vidole. Akaguna. Akajaribu tena kwa nguvu, uso ukamwiva.

"Mama," Utepe akageuka. "Bakiza."

"Nibakize nini, mwanangu? Hata magoti sijayafikia!"

"Hayohayo."

Profesa akacheka mpaka akajikunyata kama kobe. Mama Utepe akamtazama binti yake, mikono ile midogo iliyosimama imara, viwiko vimelegea kidogo kama alivyofundishwa. Akaachia mabega. Pasi ikashusha pumzi, naye akaifuata.