Friji Lililosafiri Wima

Friji letu la kwanza nililitoboa mwenyewe kwa kisu cha jikoni, Jumamosi moja ya mwaka 2013, nyumbani kwetu Kibondo. Kwa miezi minne sikumwambia mtu.

Lilikuwa friji jeupe la mlango mmoja. Mume wangu alilinunua kwa mfanyakazi wa shirika la misaada aliyekuwa akihama baada ya kambi za wakimbizi kufungwa. Wakati huo mtaa wetu haukuwa na umeme, kwa hiyo friji likakaa sebuleni kama kabati, redio juu yake, vyombo vya wageni ndani. Umeme ulipofika tulilifuta, tukalichomeka, nalo likanguruma. Mume wangu ni bwana shamba, si mtu wa kushangilia vitu, lakini siku ile alisimama mbele yake mlango ukiwa wazi mpaka nikamwambia afunge, baridi yote inatoka.

Kasoro yake ilikuwa barafu. Kile chumba cha juu cha kugandishia kilijijengea barafu ukutani kila siku, mpaka nafasi ya kuweka kitu ikabaki ya kupitisha mkono tu. Kila baada ya wiki mbili tulilizima, tukaweka sufuria ya maji ya moto ndani, tukangoja nusu siku iyeyuke. Mume wangu alikuwa na sheria moja kuhusu kazi hiyo: kisu kisiguse pale.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi tangu miguu ilipomshinda kule Kitahana, aliipenda barafu hiyo. Aliiita urubura, kama inavyoitwa mvua ya mawe kwa Kiha. Mchana alitaka nimkwangulie kidogo, nimtilie kwenye kikombe cha maji. Nilianza kukwangua kwa kijiko, baadaye kwa uma, halafu siku moja kwa kisu. Hakikutokea kitu, nikaona sheria ya mume wangu ni woga tu.

Jumamosi hiyo mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Kigoma mjini na ndoo ya migebuka aliyoniletea. Samaki walikuwa wameshasafiri siku nzima, na friji limejaa barafu. Sikutaka kungoja nusu siku. Nikachukua kisu. Nilikuwa nimeshang'oa bonge kubwa na kazi imeanza kuninogea, ndipo niliposikia sauti kama ya tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Nikabana kidole pale palipotoboka. Baridi ikaniuma, nikakitoa. Sauti ikaendelea, ikapungua, ikanyamaza. Nikafunga mlango wa friji kana kwamba sijaufungua. Migebuka niliikaanga yote, na mume wangu aliporudi akauliza tunatarajia wageni gani.

Siku ya tatu aliona maziwa yamechacha, akamleta fundi. Fundi aliingiza kichwa kule ndani, akapapasa, akageuka kunitazama mimi, si mume wangu.

"Mama, hapa pana tundu."

"Tundu?" nikasema.

Kabla fundi hajaongeza neno, mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Ni mimi."

Akaeleza kwamba alilileta friji lile kutoka kambini likiwa limelazwa kwenye pikapu, juu ya magunia, kwenye barabara ya mashimo. Mtu alimwonya kuwa friji halilazwi, hakusikia. Kwa maoni yake bomba lilianza kulegea siku ile. Fundi alinitazama tena, kisha akasema kwa upole, "Inawezekana." Akaziba kwa gundi ya chuma, akajaza gesi. Likapoza wiki tatu, likafa kabisa.

Jioni lilipokufa mume wangu alikwenda kwa mama yake aliyekuwa ameketi kibarazani. "Mama, urubura umekwisha. Nililibeba vibaya lile friji. Unisamehe." Mama akamjibu kwamba chombo huharibika, asijisumbue. Mimi nilikuwa nachambua maharage hatua tatu kutoka pale, wala sikuinua uso.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Mume wangu si mkali. Siku ya kwanza niliogopa tu, kama mtoto aliyevunja kitu. Siku ya pili niliona aibu kwa kunyamaza siku ya kwanza. Alipojitwika kosa mbele ya fundi, nikaona kusema kutakuwa kumwaibisha na yeye. Kila siku iliongeza uzito, na mimi nafundisha watoto wa darasa la nne kwamba ukikosea sema.

Mwanzoni mwa 2014 tukakubaliana tununue jipya. Mume wangu alilifanyia utafiti kama anavyotafiti mbegu. Akienda kazini Mabamba anamuuliza mwenye duka la soda, akienda Kakonko anawauliza watu wa ofisini. Akarudi na uamuzi: tununue la kuganda barafu, kama lile la kwanza.

"Umeme wetu unakatika," alisema. "La barafu, umeme ukikatika, barafu yenyewe inatunza baridi. Hayo yasiyoganda, umeme ukiondoka na baridi imeondoka."

Ilikuwa hoja nzuri. "Mimi nataka lisiloganda," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuyeyusha."

"Basi nitayeyusha mimi."

Alimaanisha. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Kibondo hakukuwa na ya kuchagua, kwa hiyo tukapanga kwenda Kasulu. Tulifika kabla ya adhuhuri, vumbi limetujaa mpaka kwenye nyusi, tukaenda moja kwa moja kwenye duka la mzee mmoja wa Ujiji tuliyeelekezwa. Mzee mwenye kofia ya kufuma na sauti ya taratibu, tuliposema shikamoo alituletea viti kabla ya kuuliza tunataka nini.

Mafriji yalikuwa manne, na mawili ndiyo yaliyotuhusu. La kwanza jeupe, refu, la kuganda barafu, hasa lile alilolitaka mume wangu. La pili sikuwa nimewahi kuona mfano wake. Lilikuwa la rangi ya krimu, pembe zake zote za mviringo kama mabega ya mtu mnene, na mpini wa chuma kinachong'aa kama bampa la magari ya zamani. Friji lilikuwa juu na friza chini.

Mume wangu alilizunguka. "Hili alilitumia nani?"

"Halijatumiwa na mtu," mzee akasema. "Tazama, nailoni ya kiwandani hii."

"Mbona la zamani?"

Mzee akacheka. "Ni jipya, limevalishwa uzee. Huko mijini ndiyo mtindo. Shemeji yangu alinitumia kutoka Unguja, kuna mteja aliagiza. Lilipofika akasema kama wewe, mbona la zamani, akaenda zake."

Akafungua milango. Akatuonyesha kwamba ndani kuna feni ndogo inayosambaza baridi, na kila baada ya muda linajipasha lenyewe kidogo, barafu inayeyuka, maji yanateremka kwenye trei ya nyuma na kukauka. "Humo ndani hukwangui kitu mpaka uzeeke."

Nilifungua mlango wa juu nikaufunga. Ulijifunga kwa sauti nzito, laini. Nikafikiri pia kwamba mama mkwe hatakuwa na haja ya kuinama kutafuta maji ya kunywa. Nililipenda, sitasema uongo.

Mume wangu hakushawishika. Akamsimulia mzee habari za friji letu, jinsi alivyolilaza kwenye pikapu mpaka bomba likatoboka. Mzee alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Kulilaza kunadhuru mota, bwana, mafuta yakihama. Tundu ndani ya friza ni kisu. Nimeyaona mengi."

"Kwetu kisu hakigusi pale," mume wangu akasema, na akanigeukia nimshuhudilie. "Si ndiyo, mama watoto?"

Alikuwa ananitazama kwa uhakika kamili.

"Ni mimi," nikasema. "Nililitoboa kwa kisu."

Mzee wa duka alikuwa mtu wa adabu. Alitazama saa yake, akasema adhana imekaribia na anakwenda msikitini, sisi tukae tu, tusiwe na haraka. Akatuacha peke yetu na mafriji yake.

"Lini?" mume wangu aliuliza.

"Siku ya migebuka."

Nadhani alikuwa anairudisha siku ile kichwani. "Nilipomwambia mama anisamehe, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulikuwa pale pale, unachambua maharage."

"Ndiyo."

Akasimama, akatoka. Sikumfuata. Nilikaa kwenye kile kiti nikitazama barabara, bodaboda zikipita, nikawaza kwamba labda ataniacha nirudi peke yangu. Kilichoniuma ni kwamba hakuuliza habari za friji kabisa, aliuliza habari za mama yake.

Alirudi nyuma ya mzee, swala ilipokwisha. Uso wake ulikuwa umetulia lakini hakukaa.

"Chagua," akaniambia.

"Tuchague wote."

"Mimi nimeshasema langu, na sababu zangu unazijua. Sema lako, na sababu iwe ya kweli."

Nikamwambia nataka lile la mviringo. Lisiloganda kwa sababu sijiamini tena na kisu, na la mviringo kwa sababu nimelipenda tu.

"Haya," alisema. "Hizo ni sababu." Akamgeukia mzee wakaanza kupatana bei.

Tulikodi pikapu. Dereva na wapakiaji walitaka kulilaza juu ya maboksi, ndivyo walivyozoea. Mume wangu akakataa. Likasimamishwa wima nyuma ya kichwa cha gari, likafungwa kamba pande zote, na yeye akapanda kule nyuma kulishika. Nilimwambia aje akae mbele nasi, kamba zinatosha. Akasema, "Wewe kaa." Tulikwenda hivyo mpaka Kibondo, dereva akinung'unika kwa mwendo wa pole. Makere watu walisimama kututazama. Kwenye daraja la Malagarasi niligeuka nikamwona kupitia kioo cha nyuma, amelikumbatia friji kwa mikono miwili, mwekundu wa vumbi, amefumba macho. Sikujua anaomba au amechoka.

Tulipofika majirani walikuja kusaidia kushusha, na swali lilikuwa moja: mmetoka Kasulu yote hiyo kununua friji la zamani? Mume wangu alijibu kila mmoja, "Mke wangu ndiye aliyechagua," na sikuweza kujua kama ananisifu au ananichongea.

Kabla hata hatujalichomeka nilikwenda kibarazani kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwambia kisa chote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na urubura ulikuwa unamkwangulia nani?" akauliza.

"Wewe, mama."

"Basi tulilitoboa wawili. Inuka." Akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, akaingia kulitazama friji, akagonga ubavu wake kwa kidole. "Hili linatoa urubura?"

"Halitoi, mama."

"Sasa mmelileta la nini?"

Tulimgandishia vipande vya barafu kwenye trei, akavikataa, akasema hivi ni vioo. Ikabidi tuwe tunavitwanga kwenye kinu. Alizoea.

Mume wangu aliongea nami kwa maneno machache wiki nzima. Hakugomba. Alikula, aliuliza habari za shule, akalala. Nilijua ni haki yake, nikangoja. Wiki ya pili umeme ulikatika siku mbili, na ikawa kama alivyosema: nyama ikaanza kunuka, maharage yakachacha. Nikamwambia, "Ulisema kweli kuhusu baridi." Hakucheka. Alitoka, akarudi na chupa tupu za maji, akazijaza na kuzipanga zote kwenye friza ili umeme ukirudi zigande, siku nyingine zitunze baridi. Mpaka leo tunafanya hivyo. Alipomaliza akasema, "Hapa ndipo tulipofika," akaketi, akaniomba chai, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Kasulu.

Baadaye wageni wakija na kuuliza habari za lile friji la kizee, alianza kuwasimulia habari ya kisu, mbele yangu. Mara ya kwanza nilinyanyuka nikaenda jikoni. Mara ya pili nilibaki. Mara ya tatu alipofikia habari ya fundi alikosea, akasema fundi alikuja siku ya pili. Nikamrekebisha, ilikuwa ya tatu, akaniambia basi simulia wewe. Nikasimulia.