Bibi wa Uswisi na Saa ya Fizikia

Kifaransa changu cha kwanza nilikipata bure, kupitia ukuta. Jirani zetu wa mtaa wa Bangwe, kando ya ziwa, ni familia iliyotoka Kongo siku nyingi. Mama ni mshonaji, baba ana injini ya boti inayofunguliwa na kufungwa kila wiki bila kwenda popote. Kwa Kiswahili wanaelewana vizuri sana. Wakitaka kugombana ndipo wanahamia kwenye Kifaransa, wakiamini sisi wa upande wa pili hatuambulii kitu. Kitanda changu kiko upande huo wa ukuta. Nilipofika kidato cha pili nilikuwa na maneno ya kutosha kumfukuza mwanaume nyumbani kwake, lakini kuomba maji ya kunywa sijui.

Kwa hiyo siku Madamu alipoanzisha klabu ya Kifaransa shuleni kwetu, Ujiji, akauliza nani anajua walau sentensi moja, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasimama, nikashika kiuno, nikamwambia ile ambayo jirani humwambia mumewe akirudi mikono mitupu. Madamu alikaa chini kwanza. Halafu akanionyesha mlango. Sijafika hata nje, namsikia ananiita.

"Wewe binti, hebu rudia neno la mwisho. La mwisho tu. Lile la katikati usilirudie tena maisha yako yote."

Nikarudia. Akasema matamshi yangu ni mazuri kuliko yake, na kwamba ni hasara yamekaa kwenye mdomo kama huu. Ndivyo nilivyoingia klabu.

Madamu ni mtu wa Morogoro, na ana jambo lake moja: mtoto wa shule aijue dunia. Alitundika ramani, akatuambia dunia ni pana. Tulimsikiliza kwa heshima, ila nje ya nchi sisi hatukuanza kuiona kwenye ramani. Mvua ikisafisha hewa, milima ya Kongo inajipanga ng'ambo ya ziwa wewe umekaa tu darasani, na mabonde yake unayaona. Mwalimu wa Jiografia akitamka "nchi za kigeni", darasa zima linageukia dirishani kuhakikisha kama bado zipo. Bibi yangu ananisalimu kwa Kiha, jirani kwa Kiswahili cha Kongo, muuza maharage kwa Kirundi. Nikamwambia Madamu dunia tumeshaijua, imetuzunguka mpaka jikoni.

"Hiyo ni mitaa mitatu," akanijibu. "Imebaki mingine."

Sasa, adui wa klabu alikuwa Fizikia. Saa yetu ya Jumanne asubuhi ilikatwa kutoka kwenye Fizikia, na Fizikia inafundishwa na Mkuu wa shule mwenyewe. Mkuu ni mtu wa Kasulu, mrefu, haachi tai hata jua likiwaka vipi. Hana ugomvi na Kifaransa. Haoni tu sababu ya kukifundisha. "Anayetaka Kifaransa ashuke bandarini Kibirizi boti za Kongo zikileta mzigo," alisema mbele ya shule nzima. "Atakipata bure, na kitenge juu."

Madamu alichukua simu yake. Aliwasiliana na mwalimu mwenzake wa Uswisi, kwenye mji mdogo ulio kando ya ziwa kama sisi, wakakubaliana watoto wao na sisi tuongee kwa video. Akampelekea Mkuu habari hiyo.

"Nitakuja kukaa nyuma," Mkuu akasema. "Nikiona wamejifunza kitu cha dunia, endeleeni. Nikiona mchezo, Jumanne inayofuata naingia na chaki yangu."

Kila mtu kwenye klabu alielewa. Mimi nilielewa zaidi, maana hapo ndipo mahali pekee shuleni ambapo mdomo wangu unapewa alama. Kwenye Fizikia mdomo huohuo unapewa fagio.

Tukafanya mazoezi. Kila mmoja alipewa swali lake. Kiranja wetu, ambaye ndiye ninayekaa naye dawati moja, alipewa la takataka za plastiki: wenzetu wanafanyaje zisiingie ziwani. Mimi nilijichagulia: je, kwenye ziwa lenu kuna dagaa, na kama wapo mnawaanika wapi na hiyo baridi? Madamu aliliangalia swali langu pande zote akitafuta utani umejificha wapi, hakuupata, akalipitisha.

"Sikilizeni," akasema. "Salamu ni neno moja. Bonjour, halafu swali. Wenzetu hawana muda, na bando ni langu."

"Neno moja tu, Madamu?" Kiranja aliuliza kama mtu aliyeambiwa apite mbele ya wakwe bila kuinama.

"Neno moja."

Jumanne ikafika. Projekta na spika tuliazima kwa anayepiga muziki wa harusi, kwa hiyo hata Madamu akikohoa, kuta zinatikisika. Kwenye ukuta wakatokea watoto wa Uswisi, wamekaa mstari, nyuma yao dirisha na ziwa lao la bluu. Kwenye maikrofoni alikaa mvulana mwenye miwani. Mkuu alikuwa nyuma kabisa na kitabu cha Fizikia mapajani, kama mtu aliyekwenda kwenye sherehe na chakula chake kwa kutowaamini wapishi.

Kiranja akasimama. "Bonjour."

"Bonjour," akasema mvulana, akangoja swali.

Mimi nilikuwa pembeni yake, niliona anavyohangaika. Plastiki ilikuwa imeshafika mdomoni ikakataa kutoka. Kwetu, anayekusalimu neno moja na kuingia kwenye shida yake ni mtu aliyekuletea taarifa ya msiba. Kiranja amelelewa.

"Umeamkaje?" akauliza kwa Kifaransa safi. Mvulana alikuwa ameamka vizuri. "Na nyumbani?" Nyumbani vizuri. "Baba hajambo?" Mvulana akamtazama mwalimu wake. Baba hajambo. "Mama?" Mama anaishi mji mwingine. Kiranja akashtuka kidogo, akajikaza. "Na huko nako hajambo?" Hajambo. Kiranja akashusha pumzi, akashukuru, akakaa. Plastiki hakuna aliyeikumbuka.

Akasimama wa pili. Nikajua ataendelea palepale alipoishia mwenzake. Lakini nani amewahi kuingia kwenye nyumba ya watu akitumia salamu ya aliyemtangulia? Akaanza upya. Bonjour, umeamkaje, nyumbani je. Yule mvulana akaeleza tena alivyoamka. Wa tatu naye hivyohivyo. Wenzake wa Uswisi walicheka mwanzoni, baadaye wakaanza kupokezana maikrofoni kumsaidia. Mmoja akasema baba yake saa hizi amelala kwa sababu anaoka mikate usiku. Mwingine akatuletea salamu za mbwa. Madamu alisimama kando ya kompyuta akipiga mikono hewani kama anayezama, midomo yake ikisema "swali, swali" bila sauti. Nyuma nikasikia ukurasa unafunuliwa. Mkuu alikuwa ameanza kusoma Fizikia.

Nilikuwa wa mwisho. Nikajiapiza: bonjour, dagaa, kaa chini. Klabu iko mikononi mwako.

"Bonjour," nikasema. Mvulana wa miwani alikuwa amerudi kwenye maikrofoni. Alinitazama kama mgonjwa anayemwona nesi na sindano nyingine. Nikafungua mdomo nitoe dagaa, na palepale nikamwona bibi yangu wa Kasingirima kichwani, namna atakavyonitazama akisikia nimeuliza habari za chakula kabla ya habari za watu.

"Na bibi yako," nikasema, "hajambo?"

Mvulana hakusema hajambo. Alivua miwani. Alisema bibi yake alianguka bafuni, amevunjika nyonga, yuko hospitali.

"Umekwenda kumwona?"

"Bado. Sipendi harufu ya hospitali."

Huwa nina la kusema wakati wote, muulize mwalimu yeyote. Hapo wenzangu walinitangulia. Klabu nzima, bila mtu kuhesabu moja mbili tatu, wakasema kwa Kiswahili: "Pole." Spika ya harusi ikalirudisha kutoka kila pembe. Mvulana akauliza maana yake nini.

"Ni neno la kumpelekea bibi," nikamwambia. "Mpelekee."

Bando likaisha. Mvulana akabaki amegandishwa ukutani, mdomo wazi, miwani mkononi.

Mkuu akafunga kitabu, akaja mbele taratibu. "Kwa hiyo," akamwambia Madamu, "mmevuka Afrika nzima mpaka Ulaya kwenda kusalimiana."

Madamu alikuwa anakunja waya na hakuinua kichwa. Mkuu akaelekea mlangoni. Akiwa ameshashika kitasa akageuka, akaninyooshea kidole. "Wewe. Yule kijana alisema nini mpaka mkampa pole?"

"Bibi yake amevunjika nyonga, Mkuu. Yuko hospitali."

"Anaendeleaje?"

"Hajui. Hajaenda kumwona."

"Hajaenda?" Ile sauti alikuwa nayo siku mtu alipovunja kioo cha maabara. Akasimama pale, akitazama ukutani ambapo mvulana hayupo tena. Na hapo ndipo nilipomwona amekamatika. Ukishaambiwa kuna mgonjwa huwezi kujifanya hujasikia. Lazima uulizie.

"Jumanne muulizeni hali yake," akasema.

"Mkuu, Jumanne si Fizikia?" nikauliza. Kiranja alinikanyaga chini ya dawati, nusura aning'oe kucha.

"Fizikia haina mgonjwa," akasema Mkuu, akatoka.

Nilitaka kumwambia inaye, ni mimi, aangalie matokeo. Nilinyamaza kwa faida ya klabu.

Wiki ile nilikuwa na wasiwasi, nikamwambia Kiranja: tatizo ni kwamba bibi akipona, klabu inakufa.

"Wewe unamwombea mgonjwa wa watu asipone?"

"Apone. Ila taratibu."

Alihama dawati mpaka mapumziko.

Jumanne ya pili Mkuu alikuja na kiti chake mwenyewe akakiweka mbele kabisa. Kitabu hakuwa nacho. Ukutani darasa la Uswisi lilikuwepo kama kawaida, ila kwenye kona ya picha kulikuwa na kidirisha kingine: mvulana wa miwani, ameruhusiwa kuongea kutoka kwenye nyumba ya bibi yake. Akasogeza simu, na bibi akatokea, amekaa kitandani, nywele nyeupe, uso umenawiri kabisa. Mungu anisamehe, moyo ulinishuka.

"Nani aliniletea pole?" akauliza. Alilitamka kama anaonja kitu cha moto. Vidole vyote vikanielekea mimi.

Akasema mjukuu wake alikwenda hospitali siku ileile, akasimama mlangoni ameziba pua, akasema hilo neno, akakaa mpaka jioni. Halafu bibi akanitazama vizuri. "Na wewe? Bibi yako hajambo?"

Nikasema hajambo, yuko Kasingirima, ananilalamikia. Akataka kujua kwa nini, Madamu akakohoa, nikafupisha. Bibi hakuishia hapo. Alipita klabu nzima, mmoja mmoja, baba, mama, bibi, hakuruka mtu. Mjukuu alikuwa amemfundisha. Akamaliza mstari, akaona amebaki mtu mmoja.

"Na yule bwana mwenye tai? Ana mama?"

Nikamgeukia. "Mkuu, anakuuliza mama hajambo."

Mkuu alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwambie hajambo kidogo. Yuko Kasulu. Mguu umemvimba tangu mvua zianze."

Kuvimba kwa Kifaransa sikukujua. Jirani zangu hawajawahi kugombana juu ya uvimbe. Nikasema mguu wa mama umenenepa ukamzidi mwenzake. Bibi akatikisa kichwa kwa uzoefu, nikajua ameelewa.

"Mguu upi?" akauliza. "Wangu ni wa kulia."

Nikatafsiri. Mkuu akafungua mdomo. Akatazama kiatu chake cha kulia, kisha cha kushoto. Nikamtazama na mara hii sikucheka, ingawa nafasi ilikuwa wazi kabisa.

"Mwambie," akasema polepole, "nitamjibu Jumanne."

"Nitangoja," akasema bibi. "Na mnieleze pia, mnakula nini huko. Hakuna aliyeniambia."

Nikamwambia kuna dagaa. Bando likakata.

Jumatatu jioni nilikuwa nafagia ukumbi nje ya ofisi ya Mkuu, adhabu ya jambo lisilohusiana na habari hii. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Alikuwa kwenye simu, na sauti yake haikuwa ile ya paredi, ilikuwa ya mtoto wa mtu.

"Upi, mama? Wa kushoto? Tangu lini wa kushoto, mbona nilijua... Aa. Basi Jumamosi nakuja niuone mwenyewe." Akasikiliza. "Hapana, mama, siumwi. Kuna bibi mmoja wa Uswisi anauliza."

Akatoka, akanikuta na fagio, sikio likiwa karibu na kitasa kuliko kufagia kunavyohitaji. Nikangoja adhabu juu ya adhabu.

"Kushoto kwa Kifaransa wanasemaje?" akauliza.

Nikamwambia. Akajaribu, ikawa mbaya. Nikamrudishia, akajaribu tena, mbaya zaidi. Mara ya tatu nikamwambia itamfaa, bibi ataelewa. Akarudi ofisini akilitamka chini chini, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba bakuli la mchuzi lililojaa.