Zilpah Ahamia Upande wa Kushoto

Zilpah Mumo ana mashoto. Alipokuwa mdogo mamake alijaribu kumwachisha, akimpokonya kijiko na kukitia mkono wa kulia, lakini babake akakataa. Babake, Mzee Oliver, alikuwa karani wa reli aliyetoka Machakos akiwa kijana na kuja kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na Makupa. Alisema mtoto aachwe ale kwa mkono anaoutaka, mradi ale. Zilpah akaachwa, na mkono huo ndio uliokuja kumlisha yeye na wazazi wake.

Alirefuka upesi. Kidato cha pili kilimkuta amempita mwalimu wa michezo, Bwana Morris, ambaye alimwona akirusha jiwe kuangua kungu, akamwita kwenye uwanja wa voliboli. Morris alimsimamisha kulia mwa wavu na kumweleza kwa nini. Upande huo humsumbua mpigaji wa mkono wa kulia, kwa sababu mpira hutoka kushoto na kumpita kifuani kabla hajaupiga. Mwenye mashoto, mpira humfikia papo hapo mkono wake ulipo. Tena wazuiaji wa timu nyingine wamezoea mkono wa kulia, na huu mwingine huwachanganya.

Kabla hajamaliza shule, klabu ya kampuni moja ya makontena ilikuwa imeshamtaka. Akaingia, akaandikwa kazi ya kucheza voliboli, akaitwa timu ya taifa, kisha akaenda kucheza Kigali misimu miwili. Aliporudi, hata sisi wa Mji wa Kale tusiokuwa na habari na mchezo wenyewe tulianza kwenda ukumbini Jumapili kwa ajili yake. Hakuwa mtu wa vishindo. Alikuwa akitembea hatua zake kama anayekwenda kufungua mlango uliobishwa hodi, na ghafla yuko juu, kiwiko kimepita wavu, na mpira umeshagonga chini upande wa pili. Akishuka huwa ameshageuka kurudi mahali pake, hashangilii. Mzee mmoja wa mtaa wa Kuze aliyekuwa akikaa karibu nami alisema mtoto huyu apiga kama kwamba aona haya.

Akiwa na umri wa miaka ishirini na saba alishikwa na homa kali wakati wa masika. Homa ilipoachia, sikio la kushoto lilikuwa limeziba kama lililoingia maji. Alingoja lizibuke. Halikuzibuka. Daktari alimwambia kwamba mshipa wa kusikia umeharibika na hautapona, na kwamba ashukuru la kulia ni zima. Habari hiyo alimwambia babake peke yake.

Asiyejua mchezo huu anaweza kufikiri sikio si kitu, maana mpira hupigwa kwa mkono na kuonekana kwa macho. Lakini ndani ya ukumbi wachezaji sita husemezana kwa kila mpira: wangu, wako, acha, unatoka nje. Na Zilpah alisimama kulia. Wenzake wote walikuwa upande wake wa kushoto, upande uliokufa. Kwa muda alijitahidi kwa macho, akigeuza shingo kila mara, na watu wakaanza kusema amekuwa mzito. Yeye alinyamaza.

Siku moja timu ilikuwa ikicheza na wageni kutoka Nairobi. Mpira uliinuka katikati ya Zilpah na Beryl, seta wao, yule anayewainulia wapigaji mpira. Beryl aliita kwamba ni wake. Zilpah akaja kwa uzito wake wote. Waligongana, Beryl akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Alipokuwa akiinuliwa, alimtazama Zilpah akamwambia kwa sauti ya chini, "Nimekuita mara mbili."

Kesho yake Zilpah alikwenda nyumbani kwa Beryl kumwambia ukweli. Beryl alimsikiliza, mkono umefungwa plasta, kisha akamuuliza tangu lini.

"Tangu masika."

"Na ukanyamaza," alisema Beryl. Alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu, na baada ya hapo hawakuzungumza.

Zilpah akaenda moja kwa moja kwa kocha wao, Jaffar, akamweleza na yeye pia. Kocha hakumgombeza, lakini mkataba wake ulipokwisha haukuandikwa upya, na Zilpah hakuuliza sababu. Alipata kazi kwenye ofisi ya kupitisha mizigo bandarini. Jioni alikuwa akirudi nyumbani, anakaa barazani na babake, na mtu akipita akimuuliza habari za mchezo, alimjibu kuwa amepumzika.

Aliyemtoa hapo ni Mwanaesha, mtoto wa Kuze. Mwanaesha alikuwa mlinzi wa nyuma wa timu ile ile: mfupi, mwepesi, hodari wa kuokota mipira ambayo wengine wameshaikatia tamaa. Alikuwa ameacha kucheza alipojifungua. Alimtumia Zilpah ujumbe kwamba anamtaka nyumbani, na Zilpah akaenda akidhani anaitwa kuona mtoto. Mamake Mwanaesha, Bi Nasiha, aliwawekea chai na mkate wa sinia, akakaa pembeni amempakata mjukuu.

Mwanaesha alimwambia anataka wacheze voliboli ya ufuoni, wao wawili. Zilpah akamkumbusha habari ya sikio, ambayo timu yote ilikuwa imeshaipata.

"Mchangani ni mimi na wewe tu," alisema Mwanaesha. "Sauti ya kusikiliza ni moja, nayo ni yangu. Huijui sauti yangu?"

"Mimi naijua. Sikio ndilo lisiloijua."

"Basi mimi nitakaa upande wa sikio zima."

Bi Nasiha, kutoka pale pembeni, aliuliza ni nani atakayemtazama mtoto. Mwanaesha akainamisha kichwa. Mamake akasema, "Mtoto ataka bibi na uji, na vyote viko hapa. Nendeni. Lakini murudi kabla ya jua kali, wanangu, musije mukaungua."

Wakaanza mazoezi Kibarani. Pale palipokuwa jaa, ambalo moshi wake ulimfanya Zilpah utotoni afunge madirisha ya kwao Makupa, palikuwa pamefunikwa udongo na kupandwa nyasi, na wakazi wa karibu wakapata ruhusa ya kumwaga mchanga kwenye kiwanja kimoja. Taib, mumewe Mwanaesha, ambaye ni seremala, aliwachongea milingoti miwili ya wavu na kuja kuisimamisha mwenyewe. Mwanaesha alizoea kucheza amejisitiri, suruali ndefu, mikono mirefu na kilemba kilichobana, na kanuni za mchezo huu zataka wenza wavae sare moja. Alipokuwa akishona alimuuliza Zilpah wafanyeje. Zilpah alimwambia akate mbili zinazofanana. Baadaye, katika mashindano, watu walikuwa wakimuuliza kama amesilimu. Alikuwa akiwajibu kwamba hapana, amepata mwenzake.

Mchanga si sakafu. Mguu wazama, upepo wahamisha mpira, na hakuna wa kukupokea ukichoka. Hayo yote Zilpah aliyazoea. Lililomshinda ni jingine. Ili sauti ya Mwanaesha imfikie sikio zima, ilimpasa asimame kushoto, na kushoto ndiko kubaya kwa mtu wa mashoto. Mwanzoni alikataa, akabaki kulia kama alivyozoea tangu shuleni. Wakagongana. Siku nyingine wakaogopa kugongana, na mipira ikawa inaanguka katikati yao huku kila mmoja amemwachia mwenzake.

"Shoga, chagua," alisema Mwanaesha mwishowe. "Mkono au sikio."

Zilpah alichukua mpira, akaenda kusimama kushoto.

Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, naye akarudi kuwa mwanafunzi. Mpira ulimjia ukimpita kifuani kabla haujafika mkononi, kama Morris alivyoeleza habari za wenye mkono wa kulia. Mwili wake ulitaka kuruka mapema, naye ilibidi auzuie. Ilimbidi afungue bega kwa namna ngeni na kukimbia kwa kujipinda, na pale ambapo zamani angepiga kwa nguvu, ajifunze kuusukuma mpira taratibu kwa ncha za vidole mahali pasipo mtu. Alipiga wavu mpaka Taib akazoea kuutengeneza. Mashindano ya kwanza walitolewa siku ya kwanza, na ya pili vivyo hivyo. Asubuhi moja Kibarani alikaa mchangani akasema yamemtosha, afadhali makaratasi ya mizigo. Mwanaesha hakumbembeleza. Aliendelea kuanzisha mipira peke yake, anaipiga, anaifuata ng'ambo, anairudisha, hata Zilpah akaona aibu, akasimama kumpokelea.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Hakuna siku ambayo mtu angesema ndiyo leo ameweza. Ila kidogo kidogo wapinzani wakaanza kutoka uwanjani wakilalamika kwamba hawamwelewi mrefu yule, kwamba anaruka kama wa kupiga huku na mpira unakwenda kule. Ile shida ya mkono kutoka upande usiotarajiwa ilikuwa imegeuka kuwa siri yake.

Mwaka wa tatu yakafika mashindano ya kuchagua jozi itakayokwenda kuchezea nchi ubingwa wa Afrika, nayo yalifanywa ufuoni pwani ya kaskazini. Mwanaesha na Zilpah walifika fainali. Upande wa pili wa wavu alikuwa Beryl. Kifundo kilikuwa kimepona zamani, alikuwa amehamia Nairobi, naye pia ameingia mchangani. Katika wachezaji wote waliokuwa pale, ni yeye aliyejua vizuri kuliko wote sikio la Zilpah likoje.

Na alilitumia. Kila alipoanzisha mpira aliupeleka mbali kushoto, karibu na mstari, ili Zilpah aufuate akiwa amempa mwenzake kisogo, sikio zima limeelekea baharini. Mwanaesha aliita kwa nguvu zake zote, lakini upepo ulikuwa mkali na sauti haikufika. Seti ya kwanza walishindwa vibaya. Sisi tuliokuwa tumevuka kutoka kisiwani kuja kutazama tuliacha kupiga makofi, na Bi Nasiha, chini ya mwavuli, alikuwa akisoma nyiradi zake midomo ikicheza.

Walipokaa kupumzika, Zilpah alimwambia mwenzake aache kumwita. "Usinipe sauti," alisema. "Nipe mwili. Nikigeuka nikuone."

Seti ya pili Mwanaesha akaacha mahali pake pa kawaida. Kila Zilpah alipovutwa kushoto, yeye alimkimbilia na kumzunguka mpaka mbele ya macho yake, mkono mmoja juu kuonyesha atakapoinua mpira. Ilikuwa kazi ya kuua. Alikimbia mara mbili ya mtu mwingine yeyote uwanjani, kilemba kimelowa, miguu ikizama. Lakini Zilpah akaanza kuona, na alipoona akaanza kupiga. Walichukua seti hiyo. Ya tatu ilikwenda sare kwa sare, mpaka Beryl aliporuka kuzuia mpira aliodhani utapigwa kwa nguvu, na Zilpah akauinua polepole juu ya vidole vyake, ukaanguka nyuma yake penye mchanga mtupu, na mchezo ukaisha.

Beryl alipita chini ya wavu. Alisimama upande wa kulia wa Zilpah, na mimi nililiona hilo, kwamba alijua asimame wapi.

"Nimelitumia sikio lako," alisema.

"Najua. Hata mimi ningelitumia."

Beryl alimpa mkono ule uliovunjika, na Zilpah akaushika kwa mikono yake miwili.

Huko Morocco, kwenye ubingwa wenyewe, walitolewa mapema na jozi iliyowazidi kila kitu. Zilpah akisimulia safari ile husimulia zaidi baridi ya asubuhi, na jinsi Mwanaesha alivyopika uji chumbani kwa jiko la umeme.

Waliporudi, kocha Jaffar alikuja Kibarani bila kuarifu. Alisimama nje ya kamba akiwatazama wakifanya mazoezi hadi mwisho, kisha akamwambia Zilpah kwamba klabu imepungukiwa wapigaji, na kwamba yeye mwenyewe hakupendezwa na namna walivyoachana. Akamuuliza kama anaweza kurudi ukumbini.

"Nitarudi, Mwalimu, ukinisimamisha kushoto."

Jaffar alicheka kidogo. Mwenye mashoto kupiga kutoka kushoto ndani ya ukumbi ni kitu ambacho makocha huwakataza watoto. Zilpah akamchorea uwanja mchangani kwa kidole cha mguu na kujiweka mahali pake. "Nikisimama hapa," alisema, "wote watano wako upande wangu wa kulia. Nawasikia wote."

Jaffar aliinama kuutazama mchoro ule. Zilpah anasema aliona macho yake yakijaa machozi, ingawa kocha mwenyewe akiulizwa husema ni upepo wa Kibarani.

Sasa huu ni msimu wake wa pili tangu arudi. Ana miaka thelathini na tatu. Ukumbini hucheza kushoto, na wenzake, ambao wengi walikuwa shule za msingi alipoanza, wamezoea kumgusa bega wakitaka kumwambia jambo. Ligi ikifungwa huenda mchangani. Kazi ya ofisi ameiacha. Juzi nilimkuta Kuze, ameinama mlangoni mwa Bi Nasiha kwa ule urefu wake, mtoto wa Mwanaesha amemning'inia shingoni, akimngoja mwenzake atafute viatu. Nilimwamkia kutoka ng'ambo ya kichochoro, hakusikia. Nikazunguka nikamwamkia tena, akaniitikia vizuri na kuniuliza hali ya watu wa nyumbani, mmoja mmoja.