Mapasa Yenye Kuvaa Viatu

Mi niko mutu wa toleka, nabeba batu ku kinga, baiskeli yangu, banalipa. Uliza mtaa yetu ya Kabondo yote: nilishaka kubeba mama moja na gunia tatu za mihogo na mbuzi yake, na mbuzi peke yake njo alilalamika. Donc, uongo kidogo iko ndani ya kazi. Mutu akicheka, hasikie mashimo ya barabara.

Ku mimba ya kwanza ya bibi yangu, mwezi wa saba, miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole, shimo inabakia, unaweza kupanda muhindi ndani. Mi nikafurahi! Kila mwenye kupanda kinga nikamuambia:

"Kwangu kuko mapasa, wanaume wawili. Wameshavaa viatu ya mupira ndani ya tumbo, njo miguu ya mama yao ikakuwa mikubwa!"

Barabara yote ikacheka. Bibi naye akacheka, ameshika kichwa.

"We bwana, usinichekeshe, kichwa inaniuma. Na naona nyota."

"Bon, ni macho ya batoto hiyo. Wanachungulia."

Ile siku ilikuwa ya kwenda kupima mimba ku hopitali. Nikamuambia: "Bakia. Mapasa yangu itavunja mizani ya baganga." Akacheka, akabakia.

Siku ya tatu akaanguka karibu na jiko, uso imevimba, anatetemeka sawa nguo ku kamba. Nikamufunga ku mugongo yangu na kitenge, nikapanda kinga mpaka ku hopitali. Hapa siongeze kitu.

Muganga, mama moja mufupi, akamupima damu ku mukono.

"Papa, anavimba tangu siku ngapi?"

"Mama, ni mapasa..."

"Mapasa gani? Ni tension, damu imepanda! Miguu peke yake inaweza kuvimba kidogo. Lakini uso ikivimba, kichwa ikiuma, macho ikiona nyota, hapana kungoja hata siku moja. Njo maana tunawaita kupima."

Wakamutoa mutoto mbele ya wakati, ili mama asikufe. Mutoto moja tu. Musichana. Mi mwenye kuongeza kila kitu, sikupata cha kuongeza: muguu yake ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba yangu.

Wakamuweka ku kifua yangu, ngozi kwa ngozi, kitenge juu, apate joto. Siku mbili nikamuhadithia. Pumzi inapita, inasimama, inapita. Ile asubuhi nilikuwa katikati ya hadithi ya mbuzi, pumzi ikasimama, haikupita tena. Nikamaliza hadithi. Nilifikiri anasikiliza.

Bibi alipona. Sasa ana mimba tena. Siku ya kupima, namupeleka mapema, mbele ya batu yote. Na kila asubuhi ananyoosha miguu, nabonyeza na kidole, tunangoja kuona kama shimo itabakia.

Jana akasema: "Baba, sema hata uongo moja."

Nikabonyeza tena.