Pasi Niliyoisifu kwa Uongo

Jumapili, tarehe 15 Agosti 1976. Asubuhi ya mawingu, upepo wa vumbi kutoka upande wa reli. Milima haionekani kwa ukungu.

Ndivyo nilivyoanza shajara yangu leo, na nimenakili hapa maana leo ndiyo siku niliyoulizwa swali lililonishinda. Mhariri, tafadhali lifiche jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimesoma hadi kidato cha nne, na ni karani wa kikundi cha akina mama hapa Kaloleni, Voi. Tunashona mifarishi, yale matandiko ya kujifunika yanayoungwa kwa vipande vya nguo. Swali lenyewe huenda likawachekesha: kikundi kinunue pasi gani?

Kwa mshonaji wa mfarishi hilo si jambo dogo. Kila mshono usipolazwa kwa pasi kabla ya kushona unaofuata, vipande hupishana na kazi nzima huenda upande.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, nitamwita Mwakio, alifariki mwaka juzi. Nguo zake waligawana jamaa, ila mama mkwe alibakiza shati moja la mistari ya buluu. Mwezi wa Aprili mwaka huu alishuka nalo kutoka Wusi, kule milimani, pamoja na vitambaa vingine kikapuni na pasi yake ya makaa. Macho yake yana ukungu siku hizi. Anaona mtu, haoni sura.

"Mwanangu," akaniambia, "tundu la sindano silioni tena. Nishonee mfarishi. Shati hili liweke katikati, pale mkono wangu unapolala. Na pasi ndiyo hii. Hiyo yenu ya waya mimi siijui."

Nikaitikia, "Sawa, Mama." Alipoondoka nikaisukuma pasi yake chini ya meza. Yangu ya stima, hiyo ya waya wa umeme, ilikuwa mpya, nyepesi, haina majivu wala cheche, na kusema kweli nilikuwa nikiionea fahari.

Shajara yangu ya Ijumaa, tarehe 14 Mei, ina maneno machache tu: "Nimeunguza shati la Mwakio." Nilikuwa nikilaza mshono wa kipande cha katikati, stima ikakatika. Sikuichomoa pasi. Niliona joto lililobaki litamalizia mshono, nikailaza juu ya kitambaa na kutoka kuanua nguo. Uani nikamkuta jirani yangu, Mama Mutua, tukapiga domo. Stima ikarudi kabla yangu. Harufu ilinifikia mlangoni. Nilipoinua pasi nilikuta tundu lenye umbo la pasi yenyewe, pembeni limeyeyuka kama nta. Mgongo wote wa shati uliharibika, na upande wa mbele na mikono vilikuwa vimechakaa kitambo, havikatiki kipande. Pasi ya makaa ikipoa imepoa, haingenifanyia hivyo.

Mume wangu jioni hiyo alikuwa amevaa shati la mistari ile ile. Yeye na marehemu waliyanunua siku moja hapa mjini. Lake lilikuwa la pamba, la Mwakio la nailoni. Alikitazama kile kitambaa kilichoungua, kisha akavua shati lake hapo hapo. "Kata hili," akasema. "Na umnyamazie Mama. Ukimwambia, utamfanya amzike mwanawe mara ya pili."

Nikakata.

Mama mkwe alipokuja kuuchukua mfarishi aliupapasa kipande kwa kipande. Alipofika katikati vidole vyake vikasimama. "Mbona limekuwa laini? La Mwakio lilikuwa na ukavu kidogo hapa mgongoni."

Nilijisikia nikisema, "Ni pasi ya stima, Mama. Inalainisha nguo."

Akapapasa tena. Kisha akacheka, akaegemeza shavu pale pale. "Kumbe! Na mimi nimejichosha na makaa miaka yote hii!"

Tangu siku hiyo amewaambia hayo watu wa Wusi, wa Chawia, na kila anayeshuka sokoni. Leo baada ya ibada akina mama wa kikundi wamenizunguka kuuliza tununue ipi.

"Karani, wewe unayo, tuambie tu," alisema Mama Mutua. "Sisi tumepuliza makaa mpaka nyusi zimekwisha. Hebu nitazame, hizi nimechora!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikawaambia kwamba pasi ya mifarishi yataka uzito, na ncha kali ya kufungua mshono, na kwamba ya makaa hushikilia joto vizuri mradi ufagie majivu. Mama Mutua akanikatiza: "Ati makaa! Mkweo mwenyewe ameshuhudia. Au unataka ulaini ule ubaki kwako peke yako?"

Wameamua nitoe shauri langu Jumamosi ijayo. Mama mkwe ametuma salamu kwamba atakuja, na atauleta mfarishi ili kila mmoja akishike kile kipande cha shati la Mwakio.

Wasomaji wenzangu, nikisema pasi ya stima, nitakuwa nimeurudia uongo ule mbele ya kikundi kizima, na yeye amekaa hapo akinitolea ushahidi. Nikisema ya makaa, ataniuliza kuhusu ule ulaini, na sitakuwa na jibu ila ukweli. Mume wangu ameshikilia kwamba ninyamaze. Lakini kila usiku mama yule hulala mkono ukiwa juu ya shati la mwanawe aliye hai, akidhani ni la marehemu, na aliyempa ni mimi. Kile kitambaa kilichoungua nimekiweka ndani ya shajara, kwenye ukurasa wa tarehe 14 Mei. Kitabu hakifungiki vizuri tena.

Nimwendee Wusi kabla ya Jumamosi nikamwambie tukiwa wawili, au nimwachie faraja yake? Nishaurini, nifanye nini?

Nalala sasa, saa saba na dakika arubaini za usiku.